Kuku na Utepe wa Karakana

“Maandalizi ya Ukataji wa Utepe, Awamu ya Tatu.” Wapendwa, ndivyo kilivyoitwa kikao. Awamu ya tatu, na utepe wenyewe ni mmoja!

Kulikuwa na seremala mmoja, mwenyekiti wa mafundi wa mji mdogo. Serikali ilitoa fedha, wakajengewa karakana ya pamoja: bati jipya, sakafu ya saruji, mashine ya randa. Mlango ukaachwa wazi rangi ikauke, utepe mwekundu ukakingamishwa, akangojwa mgeni rasmi. Mgeni ana mambo mengi. Akaahirisha, akaahirisha tena, hata masika yakaingia.

Sasa, binti wa mwenyekiti alikuwa anaolewa Jumamosi, na baba alishamwahidi kitanda cha mninga. Mzee wa watu akawa anapiga randa nje, chini ya turubai linalovuja, na sakafu kavu anaiona kwa macho.

“Mwenyekiti wetu, mbao zinaogelea,” jirani yake, mama wa cherehani, akamtania. “Hicho kitanda maharusi watakilalia au watakipigia kasia?”

“Utepe wa serikali hauchezewi, dada.”

“Nani kasema uukate? Si uiname upite chini!”

“Mimi? Mwenyekiti mzima niiname mbele za watu?”

Mnacheka? Ngojeni.

Ijumaa asubuhi mvua ikaja na upepo, turubai likang’oka likaenda zake. Mzee akabaki amekumbatia mbao, kalowa chapachapa. Mara akasikia vifaranga. Akachungulia. Chini ya mashine ya randa katulia kuku wake mwenyewe, yule aliyemdhani kaliwa na kicheche, na wanawe wakavu kabisa. Kuku akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama kuku.

Akainama.

Kitanda kilifika harusini.

Na sisi je? Mungu ametujengea mangapi, nasi tunanyeshewa mlangoni, tukingoja siku ya kufaa, nguo ya kufaa, mkubwa wa kuja kutufungulia? Nani alituambia rehema ina itifaki? Mlango uko wazi tangu zamani. Kilichotuweka nje ni shingo zetu. Hebu tuiname, ndugu zangu. Hakuna anayetuhesabia aibu ila sisi wenyewe.

Mgeni rasmi alikuja baada ya mvua, akakata utepe, akapigiwa makofi, na jiwe la ukutani lina jina lake. Aliyeifungua karakana ile ni kuku.