Tangi la Lorraine Siku ya Waamuzi

Kila majira ya kuchipua, wafugaji wa samaki wa mapambo pale Milwaukee hushindana majumbani mwao. Waamuzi hupita nyumba kwa nyumba wakikagua matangi, na wenyeji huwakaribisha kahawa na keki huku wakijifanya hawana wasiwasi.

Lorraine Wojcik hakujali kombe. Moyo wake ulikuwa kwa Gertie, samaki aliyemlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Mumewe, Norbert, ndiye aliyelitaka kombe kufa na kupona, kwa kuwa mwaka uliotangulia lilikwenda kwa jirani yao Delphine, ambaye tangi lake lilijaa ukoko wa kijani. Basi Lorraine alipomtembelea dada yake kwa siku kadhaa, Norbert alivaa aproni. Alisugua kila kokoto, akaiosha sifongo ya chujio la tangi kwa maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe pe. Siku ya mashindano Lorraine alirudi, akakuta tangi linameremeta. Gertie alikuwa juu ya maji, akitweta.

“Norbert, sifongo umeifanya nini?”

“Nimeiosha, mpenzi. Imekuwa kama mpya.”

“Mle mlikuwa na vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki. Dawa ya maji ya bomba imeviua vyote. Gertie anakufa.”

Norbert alimeza kiburi chake, akavuka barabara mbio hadi kwa Delphine. Delphine alikuja na ndara zake, mkononi ana nusu ya sifongo yake inayochuruzika tope.

“We mzee, kama mikono ilikuwasha si ungekuja kunifulia mapazia?”

Walibadilisha nusu ya maji kwa maji yaliyokwisha kutolewa dawa, kisha Delphine akaikamua sifongo ndani ya tangi ili vijidudu vyake vihamie humo. Maji yakawa kama uji wa ulezi. Hapo waamuzi wakabisha hodi.

“Mwaka huu mnafuga viboko?” aliuliza mwamuzi mkuu.

Norbert alitamani ardhi immeze. Hata hivyo, kadiri kahawa ilivyonyweka, Gertie alitulia, akashuka, akadonoa chakula kwenye vidole vya Lorraine. Lorraine alilia kwa furaha bila kumwonea haya mtu.

Kombe lilikwenda tena kwa Delphine, na Norbert mwenyewe ndiye aliyembebea hadi kwake. Aliliweka kando ya lile tangi la ukoko, ambamo samaki walikuwa wakicheza kwa raha zao, akakiri kwamba wahenga hawakukosea: vyote ving'aavyo si dhahabu.