Ulanzi Usiopitia kwa Chusi

Palikuwa na Mtwa, yaani mtawala wa nyanda za juu, jina lake Lulandala, ambaye ulimi wake ulitoa hukumu nyingi kuliko baraza lake. Kila asubuhi ya masika aliletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliogemwa uani kwake, na kila asubuhi ulikuwa mtamu ajabu.

"Ni udongo wa kifalme," alijisifu.

Hakujua, wasikilizaji wangu, kwamba kati ya mwanzi na kinywa chake alisimama Chusi, mtunza ghala. Kwanza Chusi alitia asali, kisha tangawizi, mwisho ndizi mbivu zilizopondwa. Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu: mgema wa uani, mjane aitwaye Sekalinga, aliyemkabidhi ulanzi huo mlangoni ukiwa kama ulivyotoka.

Sekalinga naye alikuwa na vichaka vinane vya mianzi juu ya kilima cha mawe. Hivyo ndivyo vilivyompa chumvi, nguo na jembe.

Siku moja, arusini, Mtwa akaonja ulanzi wa kilima hicho. Akakunja uso.

"Una ladha ya mawe!"

"Umemea kwenye mawe, Mtwa," akajibu Sekalinga. "Ulitaka uwe na ladha ya kambale?"

"Nataka ufanane na wangu! Kesho niletee ulanzi barazani. Ukinichukiza, mianzi iliyoutoa itakatwa."

"Nitie nini ili ufanane?"

"Usitie kitu! Wangu hautiwi kitu."

Chusi, aliyesimama nyuma ya Mtwa, akakohoa.

Kesho yake baraza lilijaa. Sekalinga akaingia na mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Kwa desturi, mtoaji hunywa kwanza. Akanywa nusu, akafuta midomo, akampa Mtwa. Mtwa akapiga funda moja. Akalitema.

"Unanuka zizi!"

"Mwanzi hula unapokaa, Mtwa, kama mgeni. Uliokaa ubavuni mwa zizi utanukia asali?"

Chusi akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Umeugema lini uchafu huu?"

"Leo alfajiri, kwa mkono huu."

"Ukatia nini?"

"Ulivyoamuru: sikutia hata tone la maji."

"Afadhali ule wa mawe! Ule ulikuwa na adabu. Huu ni wa kuwanywesha maadui."

"Ongeza funda, Mtwa. Huenda ulimi umeshtuka."

"Niongeze? Baraza hili linataka mazishi?"

Chusi akasogea, jasho likimtiririka. "Mtwa, pengine shauri hili lingengoja kesho..."

"Nyamaza! Mtwa hangoji." Akasimama, akainua mkuki. "Mbele ya wazee hawa naapa: mianzi iliyotoa uchafu huu ikatwe leo, kabla jua halijafika utosini. Lisibaki hata chipukizi!"

"Mtwa amesema?" akauliza Sekalinga.

"Nimesema, na sirudii."

"Wazee mmesikia?"

"Tumesikia!"

Sekalinga akapiga goti kwa heshima zote.

"Basi naomba shoka, Mtwa, na Chusi anitangulie kufungua mlango wa uani. Leo ulanzi wako umekuja bila kupitia kwake, na mianzi yenyewe inaanzia kando ya zizi lako, nyuma ya chumba chako cha kulala."