Fisi na Nyota Wake Watatu

Mwaka ule jua liliwaka hadi mamba wakaonekana njiani, wakitafuta maji kwa miguu. Mto ulikauka, kikabaki kisima kimoja tu kati ya Bondeni na Mlimani. Ngumi na meno viliposhindwa kuamua, pande mbili zikakubaliana: wacheze mpira wa kikapu, watatu kwa watatu. Washindi watakunywa kwanza hadi mvua zirudi; walioshindwa watapata masalio. Na kocha wa washindi atawatangulia wote.

Fisi, kocha wa Bondeni, aliposikia hilo la kutangulia, udenda ukamtoka. Timu yake ilikuwa Sungura, Digidigi na Nguchiro, waliocheza pamoja tangu utotoni. Aliwatazama, akaguna.

"Nyinyi ni kitoweo, si wachezaji. Tokeni!"

"Lakini kocha, sisi tumezoeana," alisema Sungura.

"Mazoea hayafungi vikapu. Nataka nyota!"

Wakaenda zao, na Mlimani wakawapokea kwa vigelegele.

Fisi akamwendea Simba, mwenye nguvu. Akamwendea Twiga, ambaye kikapu kilimfika kidevuni. Akamwendea Tembo, ambaye hakuna wa kumkaba. Fisi alimnong'oneza kila mmoja maneno yale yale: "Mheshimiwa, nahodha ni wewe. Hao wengine wanakusindikiza tu. Ila usiwaambie, wana wivu."

Wote watatu wakakubali. Fisi akarudi kwake akicheka peke yake.

Siku ya mechi, filimbi ilipolia, Simba aliudaka mpira. Twiga alikuwa chini ya kikapu.

"Nipe!" aliita Twiga.

"Mimi huombwa, siamrishwi," alinguruma Simba, akarusha kutoka mbali. Mpira ukaangukia kwa mashabiki.

Twiga alipoupata, Tembo alimpokonya kwa mkonga. Wakavutana, watu wa timu moja, hadi mpira ukawaponyoka. Nguchiro akapita nao chini ya tumbo la Tembo, akampa Digidigi, Digidigi akampasia Sungura, Sungura akafunga. Ikawa hivyo hivyo, tena na tena.

"Pasianeni, jamani!" Fisi alilia huku akijikuna. "Pasi si dhambi!"

Wakati wa mapumziko Sungura alipita mbele ya nyota wale, akainama kwa adabu.

"Pole na kazi, nahodha."

"Asante," walijibu Simba, Twiga na Tembo kwa sauti moja.

Wakatazamana.

"Nahodha nani?" aliuliza Simba.

"Mimi," alisema Twiga. "Fisi aliniambia. Akasema wewe unanisindikiza."

"Mimi kumsindikiza shingo kama wewe?"

"Hata mimi aliniambia hivyo hivyo," alisema Tembo polepole, akimgeukia kocha.

"Ndugu zangu," Fisi alirudi kinyumenyume, "nahodha ni neno tu, kila mtu ana maana yake..."

Hakumaliza. Tembo alimbeba kwa mkonga, akamtumbukiza kikapuni, matako chini, miguu juu. Hicho ndicho kikapu pekee walichofunga Bondeni siku ile. Kisha nyota wale watatu wakaondoka, kila mmoja na njia yake, na mchezo ukaishia hapo.

Kutoka juu Fisi aliwatazama Mlimani wakinywa hadi wakatosheka, kisha Bondeni wakikwangua matope. Bibi Kanga akapita chini yake na kibuyu chenye maji kidogo.

"Bibi, japo tone," alisihi Fisi.

Bibi Kanga alimwinulia macho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema, "manahodha wengi, chombo huenda mrama."