Karunguyeye Azindua Njia

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa njia ya kukwaza wakwe.

Mnisamehe mapema, ndugu zangu, hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia alikuwa na sauti tamu na meno yote. Mimi nina kelele tu.

Karunguyeye, yule mdogo wa miiba, alikuwa na njia ya mawe bapa kutoka getini hadi mlangoni. Kila alfajiri Kiboko alikatiza hapo kwenda kula maboga ya watu, na mvua iliponyesha mawe yakazama huku, yakainuka kule. Siku moja mama mkwe wa Karunguyeye akaja na kapu kichwani. Akajikwaa, pu! Mayai yote chini. Akaapa kwamba akijikwaa tena anaondoka na binti yake. Na Ijumaa anarudi.

Karunguyeye akakaza mkanda. Akang'oa jiwe, akakata mzizi, akamwaga mchanga, akausawazisha kwa ubao, akarudisha jiwe. Akang'oa lingine, akakata mzizi, akamwaga mchanga, mpaka mgongo ukalia ka! Jiwe la mwisho lilipolala, akalikanyaga. Kwakwakwa, likacheza. Akalirukia. Kwakwakwa. Mchanga ulitaka kushindiliwa, naye uzito wake wote ni wa chungwa moja.

Mkewe akamshauri wajiandae tu kumwomba mama radhi.

"Siombi radhi kwa sababu ya jiwe," akasema Karunguyeye. "Wewe pika boga."

Akashuka mtoni, akamwambia Kiboko kwamba Ijumaa asubuhi njia inazinduliwa, na mgeni rasmi ni yeye. Kiboko akauliza kama kuna chakula. Akaambiwa boga la nazi, sufuria nzima, ila mgeni rasmi hutembea kwa heshima, hatua fupifupi, bila kuruka jiwe.

Akaja. Mkeka umetandikwa juu ya mawe, debe linalia ti-ti, majirani wanapiga vigelegele. Kiboko akatembea: ndi, ndi, ndi. Akafika mlangoni.

"Boga liko wapi, bwana?"

"Liko getini, mheshimiwa. Wa kule hawajakuona vizuri."

Mke alikwisha kulizungusha kwa uani. Kiboko akageuka: ndi, ndi, ndi. Akafika getini.

"Boga liko wapi, bwana?"

"Liko mlangoni, mheshimiwa. Wa kule wanakuulizia."

Wakaenda hivyo, wakarudi hivyo, mpaka mawe yakanyamaza kimya.

"Boga liko wapi, bwana?" Kiboko sasa anahema.

"Nje ya geti, mheshimiwa."

Akatoka. Geti likafungwa, kacha!

"Mheshimiwa," Karunguyeye akamwambia kupitia tundu la ufunguo, "mgeni rasmi huzindua, kisha huwahi shughuli nyingine."

Kiboko angeweza kulivunja lile geti. Lakini avunje vipi mbele ya watu waliomshangilia? Akapunga mkono, akaenda zake na njaa.

Adhuhuri mama mkwe akaingia na mayai kichwani. Hakuna jiwe lililotikisika. Akala boga, akaomba ukoko.

Hadithi imekwisha, iliyo nzuri ibebeni, iliyo mbovu niachieni.

Na funzo lake ni hili: mgeni mlishe kwanza, mengine baadaye.

Mimi nililifuata. Nilimwita shemeji yangu, mtu mzito kweli, aje anishindilie njia, nikamlisha kwanza, akalala kwenye kochi mpaka Jumapili. Njia yangu ingali inaangusha watu. Kosa si lake, ni langu: nilishika funzo, nikaiacha hadithi.