Oksijeni Kwanza, Chumvi Baadaye

Mitungi ishirini na minne ya kuchotea maji ya bahari ilikuwa imepanda kutoka vilindini, ikichuruzika maji kwenye sitaha ya meli ya utafiti. Msaidizi wa maabara, binti aliyekuwa katika safari yake ya kwanza, aliagizwa achote sampuli kwenye mitungi ya upande mmoja tu. Akazisuuza chupa za kupimia chumvi mara tatu tatu, akazijaza, akazifunga. Ndipo moyo ulipompasuka paa! Oksijeni huchotwa kwanza. Mtungi ukishafunguliwa, hewa ya juu huyavamia maji, na kipimo chake huwa uongo mtupu.

Akaangaza macho huku na huku. Hakuna aliyeona. Akachota oksijeni kimya kimya, uso mkavu.

Majibu yalipotoka, mkuu wa utafiti alikunja uso kama aliyelamba shubiri. Kifaa cha kupimia joto, chumvi na oksijeni, kilichoshuka pamoja na mitungi, kilisema maji ya chini hayana hewa. Chupa zilisema ipo tele.

"Mzee, kifaa chako kinatudanganya," alimwambia fundi wa vifaa.

"Nimekisafisha mwenyewe, mama. Kwa mikono hii!"

"Mikono hiyo imechoka. Hii ndiyo safari yako ya mwisho."

Mzee alinywea. Ndiye aliyemfundisha binti kutembea melini, akimtania, "Mwanangu, unatapika kuliko unavyokula!" Binti akawaza. Akiri, atimuliwe? Anyamaze, mzee atoswe? Kule sitahani baharia alikuwa anaishika mitungi iliyobaki aimwage.

"Kosa ni langu!" sauti ilimtoka. "Nilianza na chumvi."

Mkuu alichomoka mbio. "Wee baharia, usimwage!" Kisha akamgeukia binti, anahema. "Kwa kila kina tunajaza mitungi miwili. Upande wa pili ni akiba, haujaguswa. Ungenyamaza kidogo tu, maji yote yangerudi baharini."

Binti akachota upya, oksijeni kwanza. Safari hii chupa na kifaa vilisema neno moja.

"Mzee wangu, nisamehe," mkuu alisema. "Nilikuhukumu bure."

"Yamekwisha, mama. Ila huyu mtoto usimfukuze."

"Nimfukuze nani? Kesho anachota tena, nami nimesimama pembeni."

Binti alilia, akacheka, akajifuta kwa mkono wa koti. Wahenga walisema kweli: mficha uchi hazai.