Mama Aliyepanda Kuigusa Theluji

Hapo zamani, kabla barabara ya lami haijafika kwetu Uchagani, aliishi mjane mmoja jina lake Aikaruwa, na watoto wake watatu. Nawaonya mapema: kila nikiisimulia habari hii hasira hunipanda, na nyinyi mkikasirika sitawanyamazisha.

Miaka sabini Aikaruwa alikuwa ameitazama theluji ya Kilimanjaro akiwa chini, kwenye migomba yake. Siku moja akasema, "Wanangu, kahawa tumeshavuna. Nipelekeni juu nikapumzike siku nne, niiguse theluji kwa mkono wangu kabla sijafa."

Wakakubali. Ndekirwa, kifungua mimba, akaongoza njia. Manka, binti wa katikati, akafunga mizigo. Anaeli, kitinda mimba, akabeba shoka, maana kazi ya kuni ilikuwa yake.

Siku ya kwanza wakafika kwa mlinzi wa msitu, pale miti mikubwa inapoishia, wakalala kwake. Asubuhi mlinzi akatazama juu akasema, "Bibi asipande leo. Lile wingu si la mvua, ni la barafu. Subirini lipite."

Ndekirwa akajibu, "Siku zetu ni nne tu. Na sisi si watoto."

Wakapanda. Lakini kabla ya kuondoka, Manka alichomoa mablanketi mawili mazito kwenye mzigo akayaacha kwa mlinzi. Yalikuwa yanamkata mabega. Hakumwambia mtu.

Wakafika kwenye kibanda cha mbao jua likiwa bado linawaka. Ndekirwa akasema, "Anaeli, kata kuni kwanza, uziingize ndani."

"Nakuja," akasema Anaeli. Akaenda kutazama maporomoko ya maji, akajilaza juu ya jiwe lenye joto, usingizi ukamchukua.

Basi ikaja. Kwanza mvua ya mawe, kisha theluji, na upepo uliotaka kuking'oa kibanda. Anaeli akarudi mbio na mzigo unaochuruzika maji.

"Kuni ziko wapi?"

"Ndizo hizi, kaka."

"Hizi ni kuni au samaki? Manka, toa mablanketi."

Manka akaukumbatia mzigo.

"Manka!"

"Yako kwa mlinzi. Lilibaki moja."

"Umemwacha mama bila blanketi?"

"Na wewe uliyeambiwa usubiri? Masikio uliyaacha wapi?"

Wakagombana. Wakatukanana mpaka sauti zikakauka, na mama yao amejikunyata pembeni anatetemeka. Kulipokucha bado wanagombana. Mama akaacha kutetemeka, na Manka akadhani amepata nafuu. Alipomsemesha, mama akajibu kwa ulimi mzito kama wa mlevi, akaanza kuvua shuka lake akisema anaona joto.

Hapo ndipo walipofunga midomo.

Ndekirwa akajifunga magunia miguuni. "Nitarudi na mablanketi na watu," akasema, akatoka kwenye theluji iliyomfika magotini.

Manka akamvua mama nguo zilizolowa. Akazishika soksi, akashtuka. "Mama, miguu imelowa tangu lini?"

"Tangu tulipovuka kijito jana. Ningesema, mngenirudisha."

Manka akavua nguo zake, akamkumbatia mama ngozi kwa ngozi ndani ya lile blanketi moja. Moto ulipowaka, akamnywesha maji ya moto yenye sukari, funda kwa funda. Akamwuliza majina ya ng'ombe wote aliowahi kuwafuga, mmoja mmoja, asimwache asinzie.

Moto huo ni kazi ya Anaeli: alishika shoka. Akapasua vitanda, akapasua benchi, akang'oa mbao za sakafu, zote kavu. Moto ukawaka, moshi ukajaa, akafungua dirisha.

"Funga dirisha!" Manka akafoka. "Unamwingizia mama baridi!"

"Silifungi. Moshi huu utatuua kabla ya baridi."

"Funga, mpumbavu wewe!"

Hakufunga. Akaacha upenyo wa kiganja, akasimama hapo kuukinga upepo kwa mgongo wake, akitoka tu kwenda kuongeza kuni. Viganja vilikuwa vinavuja damu.

Kesho yake adhuhuri Ndekirwa akarudi na mlinzi, watu wanne na yale mablanketi. Wakamkuta mama hai, wakamteremsha machelani. Ndekirwa alipoteza vidole vinne vya miguu. Manka alikohoa miezi miwili. Mikono ya Anaeli haikukunjuka tena sawasawa.

Walipofika nyumbani wakakuta upepo ule ule umeiezua nyumba ya mama na kuangusha kuta mbili. Sasa ilimbidi akae kwa mmoja wa wanawe, kila mmoja akiwa na nyumba yake katika kihamba kile kile, shamba la ukoo. Majirani wakajaa uani.

Ndekirwa akasema, "Mama atakaa kwangu. Vidole vyangu viko kule juu. Bila watu niliowaleta, leo tungekuwa msibani."

Manka akasema, "Watu wako walimkuta hai kwa sababu ya nani? Nilimpa joto la mwili wangu. Atakaa kwangu."

Anaeli akasema, "Joto lako lingefika wapi bila moto wangu? Na nani alikataa kulifunga dirisha, huku unanitukana? Atakaa kwangu."

"Nyamazeni!" Aikaruwa akasimama, anatetemeka, na safari hii si kwa baridi. "Wewe ulilidharau neno la mlinzi. Wewe ulininyang'anya blanketi nikiwa sijui. Wewe ulilala. Mlinitumbukiza wenyewe, mkanitoa wenyewe, halafu mnanidai shukrani?"

Jirani mmoja aliyekwisha kusimuliwa yote akathubutu. "Na wewe, Aikaruwa, zile soksi?"

"Langu nalijua! Silifichi. Hawa je?"

Majirani nao wakagawanyika, wakaanza kufokeana. Ndekirwa akafungua mlango wake. Manka akafungua wake. Anaeli akasukuma wake kwa kiwiko. Aikaruwa akaapa hataingia popote mpaka aambiwe kwa haki aingie wapi, akabaki amesimama katikati ya ua, mvua inaanza kudondoka.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza mmekaa pakavu, msiniangalie mimi. Mmoja alikwenda, mmoja alikumbatia, mmoja alikoka moto, na wote watatu walikosa. Mama analowa. Je, nani alistahili kuishi naye?