Goti la Bi Mwantumu

Mtu mmoja, fundi, alikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, alimkabidhi ufunguo msichana aliyemwajiri, jina lake Siwema, akasafiri. Hakumwachia maelezo ya mdomo. Alimwambia tu kwamba kazi zote zimo kwenye kompyuta.

Zilikuwamo katika faili moja la maandishi matupu, lisilo na rangi wala picha. Kila kazi ilikaa kwenye mstari wake, na kazi ndogo zilisogezwa kidogo kulia chini ya kazi kubwa. Chini ya kila moja palikuwa na mstari ulioanza na neno "tazama", kisha jina la faili jingine lililoambatishwa. Ukiubonyeza mstari huo, faili hilo hufunguka.

Siwema alikuwa amesoma chuo kikuu, na aliogopa kukosea kuliko alivyoogopa ugonjwa. Alizisoma kazi mara mbili mbili. Alipima, akakata, akapima tena. Lakini mistari ya "tazama" hakubonyeza hata mmoja. Aliona rejea ni za mtu asiyeelewa alichoambiwa, naye alielewa.

Alhamisi mchana akafikia kazi iliyosema: "Mguu wa Bi Mwantumu, wa kulia. Goti likunjike mpaka mwisho." Akasita. Vitabu vyake vilimfundisha kwamba goti linalokunjika kiasi hicho laweza kumwangusha mwenyewe njiani. Kwa kukaa kitini, nusu ya mkunjo yatosha. Basi akachonga kizuizi cha chuma ili goti lisipite hapo. Kikishapigiliwa ribiti, zile pini za chuma za kudumu, hakitoki tena bila kuharibu goti zima, na mwenye mguu angefika kesho yake kuuchukua. Haikuwa jeuri. Alimhurumia mwanamke asiyemjua.

Kabla ya kupigilia, alitaka kuandika sababu zake chini ya kazi ile, fundi akirudi asidhani amedharauliwa. Ndipo akaona jina la faili lililoambatishwa pale. Alitarajia "vipimo". Lilikuwa "mkeka". Mkeka na goti wapi na wapi? Akabonyeza.

Ikafunguka video fupi, ambayo fundi aliirekodi nyumbani kwa Bi Mwantumu. Mkeka umetandikwa uani, sinia la wali liko katikati, wakubwa na wadogo wamelizunguka, mikono inapishana. Nje ya duara, juu ya kiti cha plastiki, ameketi mwanamke wa makamo asiye na mguu wa kulia, sahani yake mapajani. Mjukuu mmoja akamgeukia, mdomo umejaa: "Bibi, si ushuke? Nyama zinaisha huku."

"Kuleni, walafi nyie. Mimi siku hizi mgeni wa heshima, nala kitini."

Wote wakacheka, naye akacheka. Kisha wenzake wakarudi kwenye sinia. Yeye alibaki anaitazama mikono yao, na sahani yake hakuigusa.

Siwema akaiondoa mikono yake mezani. Kisha akarudi juu kabisa ya faili, akaanza kufungua yote. Chini ya "Kifundo kisilegee" alimkuta mwanamume anayejaribu kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Chini ya "Punguza uzito" palikuwa na msichana anayepanda kilima, mdogo wake mgongoni. Maneno ya kazi hayakubadilika hata herufi moja. Yalikuwa yale yale makavu, mafupi, aliyoyasoma tangu Jumanne. Ila sasa alijiona kama mtu aliyekaa siku zote hizo katika chumba kilichojaa watu, akidhani yuko peke yake. Akasimama. Hakuna aliyeingia, aliona tu haifai kubaki ameketi.

Kizuizi akakitupa kwenye vyuma chakavu. Mahali pake akatia komeo dogo pembeni mwa goti: mwenye mguu akisimama hulifunga asianguke, akitaka kukaa hulifungua kwa kidole.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwantumu akafika. Siwema akamvisha mguu, akamwonyesha komeo, lakini kiti hakumsogezea. Alivua viatu, akakaa chini sakafuni yeye mwenyewe, akanyoosha mkono.

"Karibu tukae, mama."

Bi Mwantumu akaitazama sakafu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama maji asiyoyajua kina. Akafungua komeo. Goti likakunjika, likaendelea kukunjika, likafika mwisho.

Nawauliza ninyi mliopewa amri nyingi na kuzishika zote: Siwema alipokaa sakafuni asubuhi ile, alikuwa anautimiza ule mstari wa goti, au ndiyo kwanza alikuwa anausoma?